Ushuru wa IST shingapi? Swali lenyewe limepinda

Wiki haiishi pale kwenye kahawa, huku kwetu Ngamiani, Tanga, bila mtu kuja na simu mkononi kuuliza ushuru wa IST, ile Toyota ndogo, shingapi. Na majibu hayakosekani. Huyu atasema milioni saba, yule tisa, na lazima awepo wa tatu atakayesema jamaa yake katoa juzi kwa sita na nusu kwa sababu anamjua mtu. Hakuna anayedanganya hapo, ila hakuna aliyejibu, maana swali lenyewe limepinda. Ni sawa na kuuliza nauli ya basi shingapi bila kusema unashukia Muheza au unaenda Mwanza.

Mimi si wakala wa forodha na sili kwenye hii kazi, nimetoa gari mbili bandarini kwa hela yangu na nimewasindikiza wengine, na ya kwanza ilinitoa jasho kweli kweli. Kwahiyo hiki ninachoandika ni uchambuzi wa mtu aliyeungua, na kilichonifanya niandike ni shemeji yangu. Mwalimu mstaafu, kapokea hela yake ya mkupuo, kaficha milioni ishirini ya gari, na hesabu yake aliyokuja nayo ilikuwa hivi: gari mpaka bandarini milioni kumi, usajili na makaratasi milioni mbili tatu, inayobaki anafungua kiduka cha vifaa vya shule. Kashachagua na rangi, silva. Nikamuuliza shemeji, mwaka gani? Akasema mwaka sikuangalia sana ila gari nzuri, haina hata mkwaruzo.

Sasa hapo kwenye "mwaka sikuangalia" ndo pana milioni nne na nusu. Nitafika.

Kwanza tuelewane kwenye neno gari mpya. Huku tukisema fulani kanunua gari mpya tunamaanisha gari iliyotembea Japani miaka kumi na kitu halafu ikaja kwetu haina kadi, haina plate, mpya kwa Tanzania. Ile mpya kabisa ya kutoka kiwandani, ambayo kilomita zake ni za kutoka kiwandani mpaka melini, hiyo ina hesabu yake, thamani inaanzia kwenye invoisi na ukinunua yadi kwa muuzaji rasmi mara nyingi bei inakuja na kodi ndani, swali lako linabaki moja tu, hii bei ni pamoja na usajili au bado. Wengi wetu hatuko huko. Tuko kwenye gari za mnada wa Japani.

Na kwa gari hizo TRA, mamlaka ya mapato, hawaanzii kwenye invoisi yako. Hili watu wengi hawalijui na wakilijua hawalipendi. Wana mfumo wao wa thamani za magari yaliyotumika, uko mtandaoni, bure, hauhitaji kumjua mtu. Unachagua aina ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi inakotoka, mafuta inayotumia, cc yani ukubwa wa injini, unabonyeza, inakuletea thamani ya CIF wanayoijua wao na kodi zote zimepangwa chini yake mpaka jumla. CIF ni bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli mpaka bandarini kwetu. Ukija na invoisi inayosema umenunua gari kwa bei ya kutupa, hongera, ila hesabu inafuata thamani ya kwenye mfumo. Sababu yake inaeleweka, watu walikuwa wanaandikiana invoisi za bei ya baiskeli kwa gari nzima. Lakini matokeo yake ni kwamba yule aliyepata bahati ya kweli mnadani, bahati yake inaishia mnadani, haivuki maji.

Kwahiyo mtu akikuambia "nimepata bei poa sana kwahiyo ushuru utakuwa mdogo", mpe kahawa, mwache apoe.

Tuingie kwenye hesabu yenyewe. Nitatumia thamani ya milioni 10 kwa sababu ni rahisi kichwani, wewe utaweka yako, na hapa naongelea gari ndogo za kutembelea, pikapu na malori zina mambo yake. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya CIF, hiyo ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inakula milioni 2.5. Sasa thamani imekuwa 12.5, na hii 12.5 ndo wanayoanzia kupiga ushuru wa bidhaa. Ushuru wa bidhaa unaangalia injini: mpaka cc 1000 ni sifuri, ikizidi hapo mpaka 2000 ni asilimia 5, ikivuka 2000 asilimia 10. IST ya cc 1300 hivi inaangukia kwenye 5, ni laki sita na elfu ishirini na tano. Halafu ndo inakuja ile tunayoita kodi ya uchakavu, ni ushuru wa bidhaa pia ila wa umri: gari ya miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, ikivuka 10 asilimia 30, nayo inapigwa juu ya ile 12.5. Gari ya shemeji ilikuwa imevuka kumi, na imevuka mbali. Milioni 3 na laki saba na nusu.

Halafu VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Na VAT haipigwi kwenye milioni 10, wala kwenye 12.5, inapigwa kwenye jumla ya vyote hivyo, yani gari na ushuru wa forodha na ushuru wa injini na ushuru wa uzee, milioni 16 na laki nane na 75 elfu. Kodi inapanda mgongoni mwa kodi. Asilimia 18 ya hapo ni milioni 3 na elfu 37 na mia tano. Jumlisha sasa: 2.5, na 625,000, na 3.75, na 3,037,500, unapata 9,912,500.

Shemeji alinyamaza, akaniambia rudia. Nikarudia. Gari milioni kumi, kodi milioni kumi kasoro elfu themanini na saba na mia tano, na hapo hatujagusa tozo ya reli, ambayo ilianza mwaka 2015 kwa asilimia 1.5 ya CIF, wala ada ya kushughulikia forodha ya asilimia 0.6, wala hatujasajili, wala gari haijatoka getini. Akasema basi serikali inanunua gari yake na mimi nainunua yangu. Sijui kama alikuwa anatania.

Sasa turudi kwenye mwaka. Chukua gari hiyohiyo, thamani ileile milioni 10, injini ileile, ila ina miaka chini ya 8. Uchakavu unafutika, VAT nayo inashuka kwa sababu ilikuwa imepanda mgongoni mwake, jumla inakuwa 5,487,500. Ya miaka 8 mpaka 10 inakaa katikati, milioni 7.7. Kwahiyo ukipanga tatu hizo kwenye mstari unaona ngazi mbili, kila ngazi ni 2,212,500, na tofauti ya chini na juu ni 4,425,000. Hiyo ndo "mwaka sikuangalia sana". Ni mtaji wa kiduka cha vifaa vya shule.

Na hapa kuna kitu kinanishangaza kwenye mazungumzo yetu ya barazani. Swali la kwanza la watu ni cc ngapi. Cc, cc, cc, utadhani gari ni injini tupu. Sawa, cc inagusa mafuta ya kila siku, naelewa. Lakini kwenye kodi ya kuingiza, toka injini ya cc 1000 yenye sifuri mpaka injini ya cc 2400 yenye asilimia 10, ukiweka na VAT yake, kwa thamani ya milioni 10 tofauti ni 1,475,000. Umri, toka gari changa mpaka iliyovuka kumi, ni 4,425,000. Mara tatu kamili. Umri unauma mara tatu ya injini na hakuna anayeuuliza kwanza. Mtu anakwepa Harrier kwa sababu ya cc halafu anaangukia IST ya miaka kumi na nane.

Na IST yenyewe, mpendwa wa taifa, ile tunayoijua sote, ya umbo la kwanza, ilitengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2007. Maana yake hakuna hata moja ya umbo lile inayoweza kuingia leo bila kulipa uchakavu wa juu kabisa. Yani mtu akiuliza ushuru wa IST ile, kabla hajamaliza sentensi keshajiweka kwenye asilimia 30. Siitukani IST, nimeipanda, spea zake zinapatikana mpaka Pongwe, fundi yeyote anaifungua huku anaongea na simu. Ndo maana inapendwa. Ila bei yake ya mnadani ndogo inakufumba macho usione kwamba nusu ya gharama yako ni uzee wake na ndugu zake.

Vuka pale Horohoro uingie Kenya uone wenzetu walivyofanya. Kenya gari ya zaidi ya miaka 8 haiingii, basi, mlango umefungwa. Sisi mlango tumeuacha wazi ila tumeweka mtu wa kukata tiketi. Hoja inayotolewa siku zote ni mazingira na usalama, tusiwe jalala la magari ya wenzetu, na ni hoja nzuri, moshi wa gari kuukuu tunauvuta sote. Lakini hebu tuipime kama kweli kodi hii inamfanya mtu achague gari changa.

Nilimpigia shemeji hesabu hii kwenye karatasi ya maandazi. Gari kuukuu ya milioni 10 inakutoka 19,912,500 na kodi zake kuu. Ili gari changa ya injini ya kundi lilelile ikutoke hivyohivyo, thamani yake inatakiwa iwe milioni 12.86 hivi. Kwahiyo ikiwa gari changa haijaizidi kuukuu kwa zaidi ya asilimia 28, robo na kidogo, chukua changa, utalipa sawa au pungufu na utapata gari yenye miaka mingi mbele. Ikizidi hapo, kuukuu bado ni rahisi mfukoni. Na mara nyingi inazidi! Gari changa ya thamani ya milioni 16, kwa mfano, kodi yake ni milioni 8.78, jumla 24.78. Karibu milioni tano juu ya ile kuukuu. Mwenye milioni ishirini hawezi kuzitoa hizo tano hata ukimwonyesha mchoro wa mapafu. Kwahiyo kodi ya uchakavu kwa mtu wa kipato chetu haimgeuzi, inampunguza tu. Mwenye hela anaikwepa kwa kununua changa, asiye nayo anailipa. Ndivyo ninavyoona mimi, na mtu wa wizarani anaweza kuwa na yake, ila karatasi ya maandazi iko hapa.

Ila ile robo na kidogo ikumbukwe, maana kuna watu wanaachia gari changa iliyozidi kwa milioni moja na nusu tu, wanaona wameokoa, kumbe wamelipa zaidi.

Kuna mtego mwingine kwenye umri, na huu umenasa watu wenye akili zao. Tovuti za wauzaji wa Japani mara nyingi zinaandika mwaka wa kusajiliwa kwa mara ya kwanza kule. Huku kinachohesabiwa ni mwaka wa kutengenezwa. Gari inaweza kutoka kiwandani Novemba ikasajiliwa Februari, kwenye tangazo ikawa changa mwaka mzima kuliko ilivyo. Kama uko katikati ya ngazi huna shida, lakini kama uko ukingoni, kama gari iko kwenye mwaka wa 8 au wa 10, mwaka mmoja huo ni ile milioni mbili na laki mbili. Mwombe muuzaji akutumie mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na namba ya chesisi uihakiki. Na kwa sababu umri unahesabiwa toka mwaka wa kutengenezwa, gari iliyo ukingoni ukiilipia Novemba meli ikachelewa ikakuta mwaka mpya, unaweza kukuta imeshazeeka baharini.

Dola nayo. Bei za Japani ni dola, thamani za forodha zinageuzwa kwa kiwango cha dola cha wakati huo, na mwaka 2024 tulijionea wenyewe, katikati ya mwaka dola ilipanda mpaka karibu na 2,700 na ilipofika Desemba ilikuwa imeteremka kwenye 2,400 hivi. Gari ya thamani ya dola 4,000 kwa 2,700 ni milioni 10.8, kwa 2,400 ni 9.6. Kodi za gari kuukuu ni karibu sawa na thamani yenyewe, kwahiyo tofauti ya milioni 1.2 unaipata mara mbili, kwenye gari na kwenye kodi. Ndo maana "jamaa yangu katoa kwa sita na nusu" ni habari ya jamaa yako na dola ya siku yake. Na ndo maana ukikadiria Machi wakati gari inafika Agosti, ujue pia katikati hapo kuna Juni ya bajeti na tarehe 1 Julai ya viwango vipya. Rudi kwenye mfumo wa TRA upige tena siku ya kulipa, usishike skrini shoti ya miezi mitano.

Usajili sasa. Hapa ndo watu wanapoogopa na kumbe ni hela ndogo ukiipanga na zile kodi kuu. Kodi ya kusajili gari ilipandishwa mwaka 2016 toka 150,000 ikawa 250,000. Mwaka 2017 ikafutwa ile ada ya mwaka ya leseni ya gari, rodi laisensi, mnaikumbuka ile stika ya kwenye kioo na trafiki anavyoiinamia kuisoma. Badala yake ada ya mara moja ikawekwa kwenye usajili wa mwanzo kwa ukubwa wa injini: cc 501 mpaka 1500 ni 200,000, mpaka 2500 ni 250,000, zaidi ya hapo 300,000, na lita moja ya mafuta ikaongezwa shilingi 40. Kwahiyo kwa ada hizo mbili gari ya cc 1300 ni 450,000, ya cc 1800 ni laki tano. Mpaka leo nasikia watu wakisema rodi laisensi ilifutwa kama zawadi. Haikufutwa, ilihamishwa. Unailipa pale pale unapoweka mafuta, na anailipa hata mwenye mashine ya kusaga inayokula dizeli ambayo haijawahi kuona lami. Mimi binafsi naona ni afadhali, maana anayetembea sana analipa sana na gari iliyolala juu ya matofali haidaiwi, ila tusiseme hailipwi.

Wale wanaotaka jina lao kwenye plate badala ya namba, hiyo ni milioni 10 kwa miaka mitatu. Nimeitaja tu ili tucheke. Ni gari nzima ya shemeji hiyo.

Kusajili unahitaji TIN, ile namba ya mlipa kodi, na TIN ni bure, usimpe mtu hela akutengenezee. Malipo yote ya serikali ni kwa kontrol namba, unalipa mwenyewe kwa simu au benki. Hapa nisimulie ya kwangu ile ya kwanza. Wakala aliniambia shehe wewe nipe jumla, milioni kadhaa, mimi nitamaliza kila kitu utakuta gari nje. Jumla tamu kweli. Sikuomba mchanganuo kwa sababu niliona aibu, mtu mzima unaulizia laki laki. Kumbe kwenye ile jumla yake hakuweka ada za bandari wala hati ya kutolea mzigo ya wenye meli, akaja kuniambia gari ikiwa imeshaanza kuhesabiwa siku za kulala. Bandarini una siku chache za bure, zikiisha kila siku ina bei yake, na gari yangu ililala pale siku tisa za kulipia wakati mimi nahangaika kukopa kwa watu. Hakuniibia, nasema kweli. Alinipa namba ya kunifurahisha na mimi nikafurahi. Siku hizi nikimsindikiza mtu namwambia wakala aandike kila kitu mstari kwa mstari: kodi za TRA zitoke kwenye kontrol namba ninayoiona kwa macho yangu, ada za bandari, za wenye meli, ukaguzi, plate, halafu mwisho chake yeye. Anayekataa kuandika huyo keshajibu.

Kuna dhana imeingia mjini tangu bandari yetu ipanuliwe, kwamba ukishushia gari Tanga ushuru ni mdogo. Bandari imepanuliwa kweli, shilingi bilioni 429.1, kina kikatoka mita 3 mpaka 13, na sisi tuliozoea kuona meli zimesimama kule mbali kilomita 1.7 na matishari yanabeba mzigo kidogo kidogo kama sisimizi na sukari, sasa tunaona meli inafunga gatini. Na magari yameshashushwa hapa. Ila asilimia 25 ya Tanga ndo asilimia 25 ya Dar es Salaam, hakuna uchakavu wa mkoa. Unachookoa ni safari. Gari ikishuka Dar una dereva wa kumlipa, mafuta ya kilomita 350 na ushee kupitia Chalinze na Segera, chakula chake, na roho yako kukaa juu mpaka afike. Ikishuka hapa unaenda kuichukua kwa bajaji. Ni hela, ila ni ya laki, si ya milioni, na haina maana uchague meli ya Tanga ya mwezi wa tatu uache ya Dar ya mwezi huu kama gari yako iko ukingoni mwa ngazi ya umri.

Bima. Bima ndogo ya gari binafsi ni 118,000 na VAT yake ndani. Bima kubwa ni kama asilimia 3.5 ya thamani ya gari kwa mwaka, kwa gari iliyokutoka milioni 20 ni laki saba kabla ya VAT. Gari isiyo na bima haitembei, hata hiyo ya kutoka bandarini mpaka nyumbani.

Wapo watakaosema yote haya ya nini, nanunua ya mkononi hapahapa mjini, namba D, mwenyewe anaiuza. Na kwa bajeti ya milioni 12 kushuka chini mimi nakubaliana nao kabisa, kodi zote kubwa mwenzako keshalipa. Hapo hesabu ni nyepesi: ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, ada ya kuhamisha umiliki 50,000, kadi mpya 10,000. Gari ya milioni 12 ni kama laki na elfu themanini, imeisha. Na hata hiyo watu hawailipi! Wanaandikiana kikaratasi kwa mjumbe, kadi inabaki na jina la mtu aliyehamia Tunduma miaka sita iliyopita. Kabla hujatoa hela ingiza namba ya gari uangalie faini za trafiki, moja ni 30,000 na ikicheleweshwa inaongezeka, nimeona gari ya milioni saba ina faini za zaidi ya laki nne na muuzaji anaapa kwa Mungu hajawahi kusimamishwa. Labda kweli hajawahi kusimamishwa. Kamera haisimamishi mtu.

Basi shemeji aliondoka siku ile na karatasi ya maandazi mfukoni, hakusema kitu, dada yangu akaniambia kapunguza kula. Wiki mbili kimya. Juzi saa tano usiku simu ikalia, kanitumia picha mbili, Vitz ya cc 1000 na Passo ya cc 1000, zote hazijafika miaka 8, na chini ya kila moja kaandika mwenyewe kwa kalamu, mwandiko wa ubaoni ule, mwaka na mwezi wa kutengenezwa, thamani ya kwenye mfumo wa TRA, forodha, injini sifuri, uchakavu sifuri, VAT, reli, usajili laki nne na nusu, ada za bandari, wakala, dereva wa kutoka Dar, jumla kaipigia mstari mara mbili. Rangi hakuandika. Nikaipitia mara mbili, nikamjibu shemeji iko vizuri ila bima hujaweka.

Akajibu, bima si tutaikata ikishafika?

Nikaweka simu chini ya mto nikalala.